Chombo cha Dagaa, Kizimba cha Sato au Bwawa la Shambani: Ulinganisho kwa Anayetaka Kuweka Fedha Katika Samaki Tanzania

Mtu mwenye akiba, familia iliyouza kiwanja au mtumishi anayekaribia kustaafu, akitangaza kwamba anataka kuweka fedha katika samaki, hupewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza humwambia anunue chombo na nyavu, atafute nahodha na wavuvi, aingie katika uvuvi wa dagaa. Wa pili humwelekeza kwenye vizimba vya sato, yaani mabanda ya nyavu yanayoelea, ndani ya Ziwa Victoria. Wa tatu humshauri achimbe bwawa palepale shambani kwake. Njia zote tatu zina watu waliofanikiwa na watu waliofilisika, na kwa maoni yangu kilichowatofautisha mara nyingi ni mambo mawili: kama njia waliyoichagua ililingana na soko lililowazunguka, na kama fedha zao ziliweza kukaa majini kwa muda ambao njia hiyo ilihitaji.

Ulinganisho huu unahusu maji baridi pekee, kwa kuwa ndiko inakotoka sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa nchini, zaidi ya asilimia 80. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Uvuvi wa sangara nimeuacha kwa makusudi. Minofu yake husafirishwa nje ya nchi na mabondo yake, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, hununuliwa kwa bei kubwa na wafanyabiashara wanaoyapeleka China, lakini mlolongo wake umeshikwa na viwanda na mawakala wao, na mgeni huingia humo akiwa mdeni kabla hajawa mvuvi. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya watu kuvua kwa sumu, ilidhihirika jinsi uamuzi unaofanywa mbali unavyoweza kumfikia mwenye mtumbwi. Dagaa na sato huliwa zaidi hapa nchini na kwa majirani, na kwa hiyo mwekezaji mdogo anaweza kulielewa soko lake bila kupitia mlango wa kiwanda.

Vigezo

Njia hizi tatu zinapimwa kwa mambo matano: soko, mtaji na mzunguko wake, sheria na vibali, kazi ya kila siku, na hatari. Wengi huanza kwa kuuliza mtaji. Hapa tunaanza na soko, kwa sababu samaki akishatoka majini huwa na saa chache tu za kuwa na thamani yake yote, na mtu asiyejua nani atampokea samaki wake katika saa hizo hajawa tayari kuuliza bei ya nyavu.

Soko

Dagaa huuzwa mara mbili. Asubuhi vyombo vinaporudi, dagaa wabichi hupimwa kwa ndoo na kununuliwa na wakaushaji, wengi wao wanawake, na mwenye chombo anaweza kuwa amemaliza biashara yake kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo huanza biashara ya pili, ya dagaa wakavu, inayopitia masoko kama Mwaloni Kirumba jijini Mwanza na kuendelea hadi Kongo, Rwanda, Burundi na Zambia. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu, hivyo anayekausha hununua maji mengi, na asipolijua hilo hesabu yake itamshangaza. Ubora nao hugawa soko: dagaa walioanikwa juu ya mchanga huchanganyika na uchafu na wengi wao huishia katika chakula cha kuku, ilhali waliokaushwa juu ya vichanja hupata mnunuzi wa mezani na bei ya juu zaidi. Mvua za vuli na masika huvuruga mpango huu wote, kwa maana dagaa wanaweza kuvuliwa wengi usiku na kuoza mchana kwa kukosa jua. Ndiyo sababu bei ya mwaloni, yaani ufukweni vyombo vinapoteremsha samaki, hupanda na kushuka kwa kasi ambayo mfugaji wa sato haijui.

Sato wa kizimba ana tabia tofauti kabisa sokoni. Hutoka wengi kwa pamoja, wa ukubwa unaolingana, na kwa tarehe ambayo mfugaji aliijua miezi kadhaa kabla. Hoteli, migahawa na wachuuzi wa mijini hupenda ulinganifu huo, kwa kuwa samaki mmoja kwa sahani moja hurahisisha bei. Tatizo ni kwamba tani mbili za sato haziwezi kusubiri mnunuzi mmojammoja. Anayelenga Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Mwanza, anahitaji barafu ya kutosha, gari lenye ubaridi na mpokeaji aliyekubaliana naye bei mapema, la sivyo atauza kwa bei atakayopangiwa na mwenye gari. Faida yake kubwa ni kwamba samaki aliye hai ndani ya kizimba hajaharibika. Mfugaji anaweza kuvuna kwa awamu na kusubiri bei kidogo. Kusubiri huko, hata hivyo, kuna gharama, kwa sababu sato anayesubiri bei anaendelea kula.

Bwawa la shambani lina soko dogo kuliko njia nyingine, na udogo huo ndio ulinzi wake. Mavuno ya kilo mia mbili yanaweza kuisha kwa siku mbili kwa majirani, shule na mama lishe, bila barafu na bila dalali. Bwawa lililo karibu na mialo ya Ziwa Victoria hushindana na samaki wa ziwani kila siku, na mara nyingi hushindwa. Lakini bwawa lililo Dodoma, Songea au vijijini Morogoro, ambako samaki mbichi hufika akiwa amechoka, humpa mfugaji nafasi ya kuuza samaki anayeruka mbele ya mteja. Anayefikiria kambale badala ya sato aangalie pia nani anaishi jirani. Kambale hukua vizuri na huvumilia maji mabaya, lakini Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba, na katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Mara hilo linaweza kumpunguzia mfugaji wateja wengi kwa mkupuo.

Mtaji na mzunguko wa fedha

Katika dagaa, fedha nyingi hutoka mwanzoni: chombo, injini, nyavu, taa na betri. Baada ya hapo fedha hurudi usiku kwa usiku. Mapato hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo, ambaye kandokando ya ziwa huitwa tajiri hata kama nyumba yake ni ya tope, na wavuvi wake. Mgao hutofautiana kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, na ni busara kuuliza desturi ya mahali kabla ya kuajiri, kwa sababu nahodha mzuri humkimbia tajiri anayekata zaidi ya wenzake. Wengi hukopa nyavu au mafuta kwa wanunuzi kwa sharti la kuwauzia wao tu. Mkopo huo hauna riba inayoonekana, lakini riba yake imo ndani ya bei ya ndoo.

Katika kizimba hali ni kinyume. Kizimba chenyewe ni sehemu ndogo ya safari. Kinachomeza fedha ni chakula, ambacho kwa kawaida huchukua asilimia 60 hadi 70 ya gharama za uendeshaji. Tuchukue mfano wa hesabu. Kizimba chenye mita za ujazo 100, kikipandikizwa vifaranga 60 kwa kila mita ya ujazo, kinaingiza vifaranga 6,000. Wakifika sokoni asilimia 90 wakiwa na gramu 400 kila mmoja, mavuno ni kilo 2,160. Ikiwa kila kilo ya samaki imegharimu kilo 1.6 za chakula, mfugaji amenunua takriban tani tatu na nusu za chakula cha kuelea kabla hajauza samaki hata mmoja. Miezi sita hadi minane ya kulipa bila kupokea ndiyo inayowaangusha wengi, na anayepanga bajeti ya kizimba bila kutenga fedha za chakula hadi siku ya mavuno amenunua boya na nyavu tu. Inafaa kukumbuka kwamba Serikali imekuwa ikitoa mikopo isiyo na riba ya boti na vizimba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, mpango ambao Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wake jijini Mwanza mwezi Januari 2024. Hata hivyo mkopo nao huanza kudai marejesho, na ratiba yake ilinganishwe na ratiba ya mavuno.

Bwawa la mita za mraba 300, lenye vifaranga watatu kwa kila mita ya mraba, huingiza vifaranga 900. Wakipona asilimia 85 na kufikia wastani wa gramu 270, mavuno yanakaribia kilo 200. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu kwa msimu mmoja. Lakini bwawa la udongo linaweza kurutubishwa kwa samadi ili mimea midogo ya majini iwe sehemu ya chakula cha sato, jambo lisilowezekana katika kizimba chenye msongamano, na hivyo utegemezi wa chakula cha kununua hupungua. Gharama kubwa ni uchimbaji, na mwenye udongo wa kichanga huongeza gharama ya kutandika plastiki au kujengea saruji.

Sheria na vibali

Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake. Mwenye chombo cha dagaa anahitaji chombo kilichosajiliwa na leseni zinazohuishwa kila mwaka kupitia halmashauri, na atafanya kazi chini ya macho ya BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia rasilimali za uvuvi, ya mwalo wake. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni ukubwa wa matundu ya nyavu: nyavu za dagaa zenye matundu chini ya milimita 8 haziruhusiwi katika maji baridi. Anayenunua nyavu zilizotumika kwa bei ya kutupa apime matundu kwanza. Operesheni Sangara ya mwaka 2018, msako wa Serikali dhidi ya uvuvi haramu, iliteketeza zana haramu nyingi, na zana iliyochomwa hailipwi fidia.

Kizimba ndicho chenye mlolongo mrefu zaidi. Kinahitaji idhini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, tathmini ya mazingira inayosimamiwa na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na maelewano na halmashauri na jamii ya mwalo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, imekuwa ikibainisha maeneo yanayofaa, na kuanza na maeneo hayo huokoa muda mwingi. Kwa mtu mmoja mlolongo huu ni mzigo. Kwa kikundi chenye katibu anayejua kufuatilia barua, unabebeka.

Bwawa dogo lina vibali vichache, ila lina mtego mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa zinapoweza kuathiri mazingira yake, na hapo ndipo wengi hutamani kuchimba. Anayechepusha maji ya mto naye anahitaji kibali cha bonde husika.

Kazi ya kila siku

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi za betri na sola, na uvuvi hutegemea giza. Mbalamwezi ikitawala, kwa takriban siku kumi za kila mwezi mavuno hushuka na vyombo vingi hupumzika kwa matengenezo ya nyavu. Tajiri asiyekuwepo mwaloni alfajiri hana njia ya kujua kilichovuliwa, wala kilichouzwa katikati ya ziwa kabla chombo hakijafika nchi kavu.

Kizimba kinadai nidhamu ya kiwanda: kulisha kwa saa, kupima uzito wa sampuli ya samaki, kurekebisha kiasi cha chakula, kusafisha na kukagua nyavu, kulinda usiku. Ujuzi huu unafundishika, na Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ina vituo kikiwemo cha Nyegezi, Mwanza. Bwawa linahitaji saa chache kwa siku na linaweza kuchanganywa na kilimo au ufugaji wa kuku. Hata hivyo wepesi wake huwadanganya watu. Bwawa linalosahauliwa wiki mbili hulipiza kisasi.

Hatari

Hatari za dagaa ni za ghafla. Dhoruba ya Ziwa Victoria haichagui chombo kipya, na wizi wa injini na nyavu ni kilio cha miaka mingi; majaketi ya kuokolea maisha yahesabiwe kama sehemu ya mtaji. Ipo pia hatari ya kufungiwa maji. Katika Ziwa Tanganyika shughuli za uvuvi zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, na tajiri wa Kigoma aliyekuwa na mkopo wa kila mwezi alilazimika kuulipa bila chombo kuelea.

Kizimba kinaweza kupoteza miezi sita kwa asubuhi moja. Maji ya chini yenye oksijeni kidogo yanapopanda juu kwa nguvu ya upepo, samaki wa porini hukimbia, wa kizimbani hawana pa kukimbilia. Wafugaji wa upande wa Kenya walipata hasara kubwa ya vifo vya samaki mwishoni mwa 2022. Ghuba tulivu yenye kina kifupi, inayovutia kwa urahisi wa kufikika, ndiyo mara nyingi yenye hatari hiyo. Magugu maji yanayosukumwa na upepo yanaweza kuvilemea vizimba, msongamano hukaribisha magonjwa, na chakula kilichohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu. Hatari hizi hupunguzwa kwa kuchagua mahali vizuri na kutojaza samaki kupita kiasi, lakini hazifutiki.

Bwawani hasara huja polepole. Sato huanza kuzaana akiwa bado mdogo, na bwawa lenye madume na majike huweza kujaa samaki wengi waliodumaa, wasiofaa kuuzwa. Dawa yake ni kununua vifaranga madume pekee kutoka kwa mtotoleshaji anayeaminika, au kuweka kambale wachache wawale vifaranga wa ziada. Fisi maji, mnandi na kenge watalijua bwawa kabla ya wateja, hivyo uzio na nyavu za juu si anasa. Katika nyanda za baridi kama Njombe na Makete, ambako maji hushuka chini ya nyuzi joto 20, sato hula kidogo na kukua taratibu mno, na muda wa miezi sita hadi minane unaotajwa kila mahali hauwahusu wafugaji wa huko.

Kwa hali yako

Mwenye ndugu wa kuaminika au yeye mwenyewe anayeishi mwaloni, anayehitaji fedha zinazozunguka kila wiki na anayeweza kustahimili siku za mbalamwezi bila kukopa, atapata nafuu zaidi katika dagaa. Aishiye mjini na kupanga kusimamia chombo kwa simu aachane na njia hii, hata akionyeshwa hesabu nzuri kiasi gani.

Kizimba kinakifaa zaidi kikundi au kampuni ndogo yenye akiba ya kulipia chakula cha msimu mzima, eneo lililopimwa, na mnunuzi aliyekwisha kupatikana. Kama fedha zilizopo zinatosha vizimba vinne na chakula cha viwili, vijengwe viwili. Vifaranga wapandikizwe kwa kupishana miezi, ili mavuno yasifike sokoni siku moja na hasara ya asubuhi moja isichukue samaki wote wakiwa tayari kuuzwa.

Aliye mbali na maziwa makuu, mwenye maji ya uhakika na udongo wa mfinyanzi, atafaidika na bwawa, hasa akiwa tayari anafuga au analima. Aanze na moja, aandike kila kilo ya chakula na kila samaki aliyekufa, na achimbe la pili baada ya mavuno ya kwanza kumwonyesha bei halisi ya majirani zake. Aliye nyanda za juu za baridi amwone afisa uvuvi wa halmashauri apime joto la maji katika miezi ya Juni na Julai kabla ya kumlipa mchimbaji.

Wapo pia ambao njia zote tatu haziwafai: wana fedha kiasi, wanaishi karibu na mwalo, lakini hawataki kumiliki chombo wala kulisha samaki. Kwao mahali penye pengo ni kati ya mavuno na soko. Vichanja vya kuanikia dagaa, vyenye paa la plastiki angavu linaloingiza jua na kuzuia mvua, huokoa dagaa ambao wangeuzwa kama chakula cha kuku, na banda la barafu kwenye mwalo usio nayo huhudumia wavuvi na wafugaji kwa pamoja. Anayefikiria hilo aanze kuwauliza wakaushaji wa mwalo wake ni dagaa kiasi gani walitupa katika masika iliyopita.